Kujifunza Kuogelea Ukubwani kwa Ajili ya Triathloni: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Mkimbiaji anayemaliza nusu marathoni bila taabu, au mwendesha baiskeli anayepanda milima ya Usambara bila kushuka kwenye kiti chake, hushangazwa na jambo moja anapoingia bwawani ukubwani: mita 25 za maji zinamtoa pumzi kuliko kilomita tano za barabarani. Wengi huamua papo hapo kwamba hawana stamina ya kutosha, na dawa wanayojiandikia ni kuongeza mizunguko. Uamuzi huo si sahihi, na dawa hiyo huongeza maradhi, kwa sababu kila mzunguko unaoogelewa vibaya huuzoesha mwili kosa lile lile hadi likawa tabia.

Mwongozo huu unamlenga mtu mzima ambaye tayari anakimbia na kuendesha baiskeli, na ambaye sasa anajifunza kuogelea ili aweze kumaliza triathloni, yaani mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo. Mfano ninaoutumia ni mashindano ya Ironman 70.3 ya Rubavu, ukingoni mwa Ziwa Kivu nchini Rwanda, yaliyofanyika kwa mara ya kwanza mwezi Agosti 2022, kwa kuwa ndiyo yanayowavutia wengi wa Afrika Mashariki: kilomita 1.9 za kuogelea, kilomita 90 za baiskeli na kilomita 21.1 za kukimbia. Anayeanza na umbali mfupi wa mita 750, au na mita 1,500 za umbali wa Olimpiki, atakutana na dalili zile zile.

Kabla ya kuzitaja dalili, ni lazima tukubaliane juu ya utaratibu wa kuzichunguza. Anza na pumzi, kisha mlalo wa mwili, kisha mikono, kisha miguu, na mwisho kabisa maji yenyewe, yaani ziwa au bahari. Mpangilio huu una sababu yake: kosa la mwanzo hujificha ndani ya dalili inayofuata. Anayebana pumzi hunyanyua kichwa kutafuta hewa. Kichwa kikinyanyuka, nyonga na miguu huzama. Miguu ikizama, mtu huipiga kwa nguvu ili aiinue. Na akiipiga kwa nguvu huishiwa pumzi. Mtu huyo akimwendea kocha na kulalamika kuhusu miguu, akapewa mazoezi ya miguu peke yake, baada ya mwezi atarudi na lalamiko lile lile, tena akiwa amekata tamaa. Rekebisha jambo moja kwa wakati mmoja, na usiguse la pili kabla ya la kwanza kutulia.

Dalili: ninaishiwa pumzi kabla ya kufika ukuta wa pili

Hii ndiyo dalili kubwa kuliko zote, na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Hamu ya kuvuta hewa haisababishwi hasa na upungufu wa oksijeni mwilini, bali na kurundikana kwa hewa ya ukaa katika damu. Mwanafunzi mtu mzima anapoweka uso majini hubana pumzi kwa silika, na wakati wote uso ukiwa chini hewa ya ukaa inaongezeka. Anapogeuza kichwa ili apumue, anakuwa na muda mfupi sana wa kufanya mambo mawili, kushusha pumzi ya zamani na kuvuta mpya, na kwa kawaida hufanya nusu ya kila moja. Baada ya mikono (yaani mipigo ya mkono) sita au minane kifua kimejaa hewa iliyokwisha tumika, hakuna nafasi ya hewa safi, na mwili unapiga kelele ya hatari. Moyo na mapafu ya mkimbiaji huyu ni mazima kabisa. Kinachomshinda ni kutoa hewa nje.

Ili kujua kama tatizo lako ndilo hilo, simama unapofika ukutani na ujiulize kifua chako kinajisikiaje. Kama unahisi kimejaa na kubana, na kitu cha kwanza unachotaka kufanya ni kupuliza nje, basi hukuwa unashusha pumzi majini. Kama kifua ni kitupu, mapaja yanawaka na moyo unadunda kwa kasi, chanzo ni miguu inayopigwa kupita kiasi, na jibu lako liko katika sehemu ya miguu. Kama unajisikia vizuri kabisa kwa nusu ya kwanza ya bwawa kisha unaporomoka ghafla, angalia mwendo: wakimbiaji wana hulka ya kuanza kwa kasi ya juu kuliko ile wanayoweza kuihimili, kwa kuwa barabarani mwendo wa polepole hauwaangushi, ilhali majini wanaogopa kwamba wakienda polepole watazama.

Marekebisho huanza ukiwa umesimama katika maji yanayofika kifuani. Vuta pumzi ya kawaida, si ya kujaza mapafu, uweke uso majini na uvumishe sauti kama anayeimba huku midomo imefungwa. Hewa itatoka puani yenyewe, na haiwezekani kuvumisha na kubana pumzi kwa wakati mmoja. Inua uso, vuta hewa kwa mdomo, rudi chini. Fanya hivyo hadi kitendo kikose msisimko wowote. Kisha ushike ukingo wa bwawa, ulaze mwili, na ufanye vivyo hivyo ukigeuza kichwa upande badala ya kukiinua mbele. Hatua hii inachosha kwa sababu haina kilomita za kuandika kwenye daftari la mazoezi, na ndiyo maana wanaojiandaa kwa mashindano huiruka. Ningependa mtu atumie wiki mbili nzima hapa kuliko kutumia miezi sita akipigana na bwawa.

Mwanafunzi anapokuwa tayari kuogelea, apumue kila baada ya mikono miwili, upande ule anaouzoea. Makocha wengine husisitiza kupumua kila baada ya mikono mitatu tangu siku ya kwanza ili mwili uwe na usawa wa pande zote. Usawa huo una faida zake ziwani, kama tutakavyoona, lakini kumnyima hewa mtu ambaye bado anaitafuta ni kutanguliza urembo mbele ya uhai.

Dalili: miguu inazama, na ninahisi kama napanda mlima

Mapafu yenye hewa hukibeba kifua, lakini hakuna kitu kama hicho kinachobeba nyonga na mapaja. Kwa hiyo mwili wa binadamu majini huwa na mwelekeo wa kuning'inia, kifua juu na miguu chini, na mwelekeo huo ni mkubwa zaidi kwa mtu mwenye mapaja ya misuli mingi na mafuta machache, yaani mtu yule yule aliyeyajenga kwa baiskeli. Mwili ulioinama namna hiyo husukuma maji kwa eneo kubwa, na maji ni mazito takriban mara 800 kuliko hewa. Nguvu zote za mikono huishia kupambana na ukinzani huo.

Kipimo kizuri ni boya dogo la sponji linalobanwa katikati ya mapaja, ambalo mabwawa mengi yenye kocha huwa nalo. Ogelea ukiwa nalo, kisha bila hilo. Kama ukiwa nalo unakwenda kwa urahisi wa ajabu na pumzi inatulia, umethibitisha kwamba mikono na mapafu yako havina kasoro kubwa, na kwamba tatizo ni mlalo. Kama hakuna tofauti yoyote, miguu yako haizami kiasi unachodhani, na unapaswa kutafuta kosa katika mikono. Boya hilo, hata hivyo, litumike kwa kupima na kwa mazoezi machache tu. Wako watu wanaolizoea hadi likawa mkongojo, na siku ya mashindano halitakuwapo.

Chanzo cha kwanza cha kuzama miguu ni macho. Anayetazama mbele, kule anakokwenda, hulazimika kukunja shingo nyuma, na kichwa kinachoinuka huishusha nyonga upande wa pili. Tazama sakafu ya bwawa moja kwa moja chini yako, shingo ikiwa ndefu na imelegea, hadi maji yapite juu ya kisogo. Unapopumua, usiinue kichwa bali kigeuze pamoja na bega, ili jicho moja libaki majini. Wengi hawaamini kwamba mdomo utapata hewa katika hali hiyo. Utapata, kwa sababu kichwa kinachosonga mbele huchimba bonde dogo la maji kando ya shavu, na mdomo hupumua ndani ya bonde hilo. Lakini bonde hilo hutokea tu mtu anaposonga, na hupotea mara kichwa kinapoinuliwa.

Chanzo cha pili ni mkono unaoharakishwa. Mkono ulionyooshwa mbele ni uzito unaosaidia kuinua miguu upande wa nyuma. Ukiuvuta chini mara tu unapoingia majini, unaondoa msaada huo. Uache unyooke na usubiri kidogo mpaka mkono wa pili uwe karibu kuingia. Zoezi la kujisukuma ukutani na kuteleza, uso chini, mikono mbele, bila kupiga chochote, litakuonyesha mwili wako unakaaje. Rudia ukibonyeza kifua chini kidogo, na utahisi nyonga zikipanda.

Chanzo cha tatu kinawahusu wakimbiaji hasa, nacho ni vifundo vya miguu vilivyokakamaa. Kukimbia kunahitaji kifundo kigumu, na kuogelea kunahitaji kifundo kinachonyooka hadi vidole vielekee nyuma. Mguu unaopigwa vidole vikiwa vimeelekea chini hukamata maji na kuyasukuma mbele, na wako watu wazima ambao wakishika kibao cha kuelea na kupiga miguu peke yake hubaki pale pale au hata kurudi nyuma. Kaa sakafuni miguu ikiwa imenyooshwa mbele, ukaelekeze vidole mbali nawe: kama pengo kati ya vidole na sakafu ni kubwa, umepata jibu. Nyoosha vifundo kila siku kwa kukalia visigino polepole, bila kulazimisha goti linalouma. Wakati huohuo punguza ukubwa wa mateke. Yaanzie nyongani, goti likunjike kidogo tu, na yawe madogo. Katika triathloni kazi ya miguu majini ni kutunza mlalo, kwa kuwa mapaja hayo bado yana kilomita 90 za baiskeli mbele yake.

Kuna jambo ambalo watu wa pwani wanapaswa kulijua mapema. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa takriban kilo 1.025, na ya maji yasiyo na chumvi ni kilo 1. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini aliyejifunzia baharini Kigamboni, Nyali au Nungwi atakapoingia Ziwa Kivu atajikuta amekaa chini zaidi majini, na miguu iliyokuwa ikielea vizuri kwao itaanza kuzama. Isitoshe, Kivu liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata pumzi itakuwa nzito kidogo kwake. Afike siku kadhaa kabla, na aogelee huko kabla ya siku yenyewe. Kutegemea vazi la mpira linalosaidia mwili kuelea si busara: sheria za mashindano hulipiga marufuku maji yanapokuwa na joto la kiwango fulani, na uamuzi hutolewa kwa kipimo cha joto karibu na siku ya mashindano. Jifunze kuogelea bila hilo.

Dalili: ninapiga mikono mingi lakini siendi, na mabega yanauma

Hesabu mikono unayopiga katika mita 25. Kama hesabu inapanda kadiri unavyochoka, mkono wako unateleza ndani ya maji badala ya kuyashika. Sababu ya kawaida ni kiwiko kinachotangulia chini: kiganja kinabaki karibu na uso wa maji, kiwiko kinashuka, na mtu anaburuta mkono wote kama aliyepitiwa na usingizi. Kiwiko kinatakiwa kibaki juu, kiganja na mkono wa chini vielekee nyuma, kisha ndipo nguvu itumike. Maji yakisukumwa chini humwinua mtu kichwa. Yakisukumwa nyuma humpeleka mbele.

Maumivu ya mabega mara nyingi hutokana na mkono unaoingia majini ukivuka mstari wa katikati ya kichwa, au unaoingia kwa kidole gumba kwanza huku bega limejipinda ndani. Mkono uingie mbele ya bega lake, ncha za vidole zikitangulia. Ikiwa bega linauma hata usiku ukiwa umelala, au maumivu hayapungui baada ya kupumzika siku chache, acha kuogelea na umwone daktari au mtaalamu wa viungo. Bega lililolazimishwa huchukua muda mrefu kupona kuliko muda ulioutaka kuuokoa.

Kuhusu mwendo, fahamu hesabu hii na ikutulize. Muda wa mwisho wa kuogelea katika umbali wa kilomita 1.9 kwa kawaida ni saa 1 na dakika 10. Hiyo ni sawa na dakika 3 na sekunde 41 kwa kila mita 100. Mtu mwenye mlalo mzuri na pumzi iliyotulia huufikia mwendo huo bila kuwa na mikono yenye nguvu, na tena hutoka majini akiwa bado na hamu ya baiskeli. Sheria za triathloni, kwa upande wao, humruhusu mshiriki kutumia mtindo wowote, kuelea, na hata kushika boya au chombo cha waokoaji na kupumzika, mradi asikitumie kusonga mbele. Kuogelea chali kwa dakika moja ili kurudisha pumzi si aibu wala si kosa.

Dalili ndogondogo

Kupaliwa na maji mara kwa mara maana yake ni kwamba unavuta hewa kabla mdomo haujatoka vizuri au unachelewa kurudisha uso. Vuta mapema, bega linapoanza kugeuka. Maji yakiingia puani, hushushi pumzi kwa pua. Miwani inayovuja haiponi kwa kukazwa zaidi: chagua inayoshika juu ya jicho kwa sekunde kadhaa bila mkanda, na uivae mkanda ukiwa umelegea kiasi. Misuli ya shavu la mguu ikikubana, geuka chali, vuta vidole vya mguu kuelekea gotini na usubiri. Mara nyingi hubana kwa sababu mguu umenyooshwa kwa nguvu mno, kwa hiyo legeza kifundo. Sikio linalowasha na kuuma ukivuta ndewe huenda lina maambukizi ya njia ya nje, na linahitaji zahanati, si pamba.

Dalili: bwawani niko sawa, lakini ziwani ninapata hofu na kushindwa kuendelea

Watu wazima wengi wamelelewa wakikatazwa maji. Mzazi aliyekataza alikuwa na sababu, kwani alikwisha kuona au kusikia mtoto wa jirani aliyezama, na hofu hiyo aliipitisha kwa nia njema. Haiondoki kwa kuambiwa "jikaze". Ninaiona kuwa dalili kama nyingine, yenye vyanzo vinavyoweza kutenganishwa na kushughulikiwa kimoja kimoja.

Chanzo cha kwanza ni kwamba mtu hajui kupumzika majini. Bwawani alikuwa akipumzika kwa kushika ukuta au kusimama, na hakuwahi kutambua ni mara ngapi alifanya hivyo. Kabla ya kwenda ziwani, mtu awe na uwezo wa kufanya mambo matatu katika upande wa kina wa bwawa bila kugusa chochote: kuelea chali kwa dakika kadhaa, kubaki wima kwa kuchezesha mikono na miguu polepole, na kugeuka kutoka kifudifudi kwenda chali na kurudi tena huku akipumua. Asiyeweza mambo haya hajawa tayari kwa ziwa, hata kama anamaliza mita 2,000 bwawani, na kocha anayempeleka anahatarisha maisha ya mtu.

Chanzo cha pili ni mshtuko wa baridi. Maji yenye ubaridi yakigusa uso na kifua ghafla, mwili huvuta pumzi fupifupi bila hiari, na mtu huitafsiri hali hiyo kuwa anazama. Mshtuko huo hupungua ndani ya dakika chache. Ingia mapema kabla ya kuanza, loweka uso na shingo, na uvumishe pumzi majini hadi utulie. Chanzo cha tatu ni mwanzo wa kasi katikati ya kundi. Kaa pembeni au nyuma, acha wenye haraka watangulie, na uanze kwa mwendo unaoona ni wa chini mno. Chanzo cha nne ni giza: chini hakuna mstari mweusi wa kufuata na wala sakafu haionekani. Hapo macho hayana kazi, na njia bora ni kuyapa kazi masikio na hesabu, kwa kusikiliza viputo vyako na kuhesabu mikono hadi kumi, kisha kuanza upya.

Hofu ikipanda katikati ya safari, usijaribu kuogelea kuelekea ufukweni kwa kasi. Geuka chali, shusha pumzi ndefu kuliko unayoivuta, na mkono mmoja ukiinuliwa juu waokoaji watakuja. Hakuna mazoezi ya ziwani au baharini yanayofanywa peke yako, hata kama maji yametulia kama mafuta. Awepo mwenzako anayeogelea vizuri kuliko wewe, ikiwezekana na mtumbwi kando, na uvute boya la rangi kali lililofungwa kiunoni ili vyombo vikuone.

Dalili: ninapotea njia na kuogelea umbali mrefu kuliko wengine

Anayepumua upande mmoja na kuvuta kwa nguvu zaidi kwa mkono mmoja hupinda, na bwawani mstari wa sakafuni ulikuwa ukimficha kosa hilo. Kila baada ya mikono sita hadi kumi, inua macho tu, yatoke majini kama ya mamba, utazame alama, kisha ugeuze kichwa kupumua kama kawaida. Ukiinua kichwa kizima miguu itazama. Chagua alama kubwa iliyo nyuma ya boya linaloonyesha njia, kama mnara, kilima au jengo refu, kwa sababu boya hufichwa na mawimbi. Hapa ndipo kupumua pande zote mbili kunapolipa: upepo ukitoka kulia na kukumwagia maji mdomoni, utahamia kushoto. Kuogelea nyuma ya miguu ya mtu mwenye mwendo kama wako kunaruhusiwa na hupunguza kazi, lakini mwangalie njia yake, kwani naye huenda amepotea.

Baharini, ukijikuta husogei ingawa unaogelea vizuri, chanzo ni mkondo. Pwani ya Dar es Salaam na Zanzibar, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3 wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji yanayotoka huchukua watu. Panga mazoezi karibu na maji kujaa, pendelea maji mafu, yaani siku ambazo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na uwaulize wavuvi wa eneo hilo mkondo unapita wapi, maana wanaujua kuliko ramani yoyote. Miezi ya kusi, yaani ya upepo wa kutoka kusini, huleta upepo na mawimbi ambayo anayeanza hapaswi kujipima nayo. Ukichukuliwa na mkondo unaokwenda kilindini, usipambane nao; ogelea sambamba na ufukwe hadi utoke ndani yake, kisha urudi. Kwa wa Mwanza, Kisumu na Entebbe, Ziwa Viktoria lina kichocho, hasa kandokando penye majani na maji yaliyotuama. Anayefanya mazoezi humo apime mara kwa mara na atibiwe kwa prazikwanteli akikutwa nacho, na asiingie mahali ambapo wenyeji wanasema pana mamba au viboko.

Dalili ambazo hazirekebishwi kwa mazoezi

Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la kitabibu la JAMA uliangalia karibu washiriki milioni moja wa triathloni nchini Marekani kati ya mwaka 2006 na 2008. Vilitokea vifo 14, na 13 kati ya hivyo vilitokea wakati wa kuogelea. Idadi ni ndogo, lakini inaonyesha ni sehemu ipi ya mashindano isiyosamehe. Maumivu au mbano wa kifua, moyo kwenda mrama, kuzimia, au kizunguzungu kikali ukiwa majini ni sababu ya kuinua mkono na kutoka, na si ya kuangalia saa. Kikohozi kinachoanza majini pamoja na pumzi kukata, hasa kikitoa povu lenye rangi ya waridi, kinaweza kuashiria kwamba mapafu yanajaa maji kutoka ndani ya mwili wenyewe; hali hiyo hutokea hata kwa watu wenye mazoezi mazuri, na inahitaji hospitali siku hiyo hiyo. Aliyevuka miaka 40, au mwenye shinikizo la damu, au ambaye katika ukoo wake wamo waliokufa ghafla, apimwe moyo kabla ya kuanza mazoezi.

Dalili: kizunguzungu ninapotoka majini

Mwili uliolala kwa muda mrefu unaposimama ghafla, damu hushukia miguuni, na maji yaliyoingia sikioni huongeza yumbayumba. Katika mita 100 za mwisho ongeza mateke kidogo ili miguu iamke, ogelea hadi viganja viguse chini, kisha simama polepole na utembee hatua za kwanza kabla ya kukimbilia baiskeli. Fanya zoezi la kutoka majini na kwenda moja kwa moja kwenye baiskeli mara chache kabla ya mashindano, ukiwa na mtu wa kukushika. Kizunguzungu hicho huisha ndani ya dakika moja au mbili. Kikizidi hapo, usipande baiskeli, bali kaa chini na uwaite wahudumu wa afya.